Krismasi ya Uingereza Huimbwa Kabla ya Siku Yake

Mtu anayehamia kaskazini mwa Uingereza akitarajia kwamba Krismasi itaanza na ibada ya mkesha tarehe 24 Desemba, kama tulivyolelewa, ataikuta imebaki makombo. Kwaya za mjini zitakuwa zimekwisha kutoa matamasha yao, bendi za matarumbeta zitakuwa zimefungasha vyombo, watoto watakuwa wameigiza kuzaliwa kwa Yesu na shule zimefungwa, na asubuhi ya tarehe 25 kila familia itakuwa imejifungia ndani na watu wake. Nilitoka Mbeya nikaenda Sheffield kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nikiwa mtu wa kwaya tangu utotoni, na kilichonitesa zaidi katika majira yangu ya kwanza ya baridi hakikuwa baridi bali kalenda. Nimeandika haya kwa ajili ya ndugu wanaofuata njia hiyo hiyo, hasa wale ambao kwao sikukuu bila kuimba si sikukuu.

Nyumbani mazoezi hupamba moto Desemba: sare ziko kwa fundi, mwalimu wa kwaya amekasirika, besi hawajatimia, na kila mtu anajua kwamba shangwe itaanza usiku wa mkesha na kuendelea hadi mwaka mpya. Sheffield nilikwenda kwenye kanisa la jirani mwanzoni mwa Desemba kuomba kujiunga na kwaya. Walinipokea vizuri, wakaninywesha chai, kisha wakanieleza kwa upole kwamba nyimbo za Krismasi zilianza kufanyiwa mazoezi Septemba na kwamba ningekaribishwa rasmi Januari. Hapakuwa na ubaguzi wowote katika jibu lile; ndivyo ratiba yao ilivyo. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge, na mnyonge katika nchi ambamo jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni hana pa kupunga hewa.

Tarehe 25 yenyewe nilikuwa zamu. Mgeni na ajue mapema kwamba siku hiyo treni hazitembei na mabasi karibu yote husimama, kwa hiyo mwenye zamu apange usafiri wiki kadhaa kabla, ama na mwenzake mwenye gari, ama na teksi ambayo nauli yake siku hiyo hupanda sana. Maduka makubwa nayo yamekatazwa kufunguliwa Siku ya Krismasi kwa sheria ya mwaka 2004, hivyo ambaye hana unga ndani asitegemee kuupata njiani. Nilitoka kazini mchana, nikapita mitaa mitupu ambamo taa za miti ya Krismasi zilionekana kupitia madirisha, na sikusikia wimbo hata mmoja kutoka nje. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesikiliza mkesha wa nyumbani kwa simu. Wakati wa baridi Tanzania huitangulia Uingereza kwa saa tatu, kwa hiyo kengele za saa sita usiku kule zililia kwangu ikiwa saa tatu usiku, na sauti ya kwaya ilifika ikiwa imekatikakatika kiasi kwamba besi hawakusikika kabisa. Nililia. Silioni kuwa jambo la kuficha, kwa maana nimekutana na wanaume wengi wa kwetu waliolia siku hiyo hiyo katika vyumba vyao vya kupanga.

Aliyenifumbua macho alikuwa mfanyakazi mwenzangu, mama wa makamo aliyezaliwa katika moja ya vijiji vilivyo kaskazini na magharibi mwa jiji. Aliniambia kwamba kwao nyimbo za Krismasi haziimbwi hasa kanisani. Huimbwa katika baa, kuanzia Jumapili inayofuata siku ya kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa vitani, tarehe 11 Novemba, hadi tarehe 26 Desemba. Nilidhani ananitania. Mwaka uliofuata, Novemba, alinipeleka Dungworth.

Kijiji chenyewe kiko juu ya kilima chenye mashamba ya kondoo na kuta za mawe, na baa yake hujaa kabla ya saa sita mchana. Mlangoni tu nilipigwa na joto la watu, na katikati ya joto hilo sauti nne zilikuwa zikiimba kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nitoke Mbeya. Hapakuwa na mwalimu wa kwaya. Mpiga kinanda alitaja jina la wimbo, akapiga mistari michache, na chumba kizima kikaingia. Karibu na kinanda alisimama besi mmoja mzee asiye na kitabu. Mkono mmoja ulishika glasi, na kwa pete ya mkono wa pili aligonga ukingo wa meza kila sauti yake ilipokaribia kuingia, nao wenzake nyuma wakavuta pumzi. Nyimbo nyingi zao zimejengwa kwa mtindo ambao mtu wa kwaya za kwetu ataufurahia mara moja: sauti moja hutangulia, nyingine huifuata moja baada ya nyingine zikirudia maneno yale yale, kisha zote hukutana mwishoni kwa kishindo. Nilisimama upande wa besi na kufikia ubeti wa tatu nilikuwa naingia pamoja nao.

Historia ya jambo hili ilinisaidia kuelewa kwa nini lipo baani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 Kanisa la Anglikana liliruhusu wimbo mmoja tu wa Krismasi uimbwe ibadani pamoja na zaburi, nao ni While Shepherds Watched, uliochapishwa mwaka 1700. Kwa kuwa maneno yalikuwa yale yale kila mwaka, waimbaji wa vijijini walijifurahisha kwa kuyatungia tuni mpya, na tuni hizo zikawa nyingi ajabu. Mojawapo ya zile zinazopendwa sana Yorkshire ilitungwa na Thomas Clark, fundi viatu wa Canterbury, na kuchapishwa mwaka 1805. Waimbaji hao walikuwa wakikaa kwenye roshani ya kanisa na vinanda vyao vya nyuzi na filimbi. Katika karne ya 19 mapadri waliotaka ibada yenye utulivu waliwaondoa roshani, wakaleta kinanda kikubwa na vitabu vya nyimbo vyenye nidhamu. Waimbaji hawakuzitupa nyimbo zao, walihama nazo. Mimi niliyelelewa katika Kanisa la Moravian, ambako baa na kwaya havitajwi katika sentensi moja, nilihitaji muda kulikubali hilo, lakini leo nasema bila kusita kwamba uimbaji wa pamoja ulio hai kuliko wote niliousikia Uingereza umo katika vyumba vile.

Kwa anayetaka kwenda, mambo machache. Hakuna kiingilio; heshima inayotarajiwa ni kununua kinywaji, nacho si lazima kiwe pombe, kwa kuwa juisi hupokewa bila mtu kukutazama mara mbili. Fika mapema, kwani anayefika wimbo wa kwanza ukiwa umeanza husimama kwenye korido. Chunguza basi la kurudi kabla ya kupanda la kwenda, kwa sababu Jumapili mabasi ya vijijini ni machache na giza huingia upesi. Kila kijiji kina orodha yake na namna yake, Worrall si sawa na Stannington, wala Stannington si sawa na Ecclesfield, na mgeni anayeomba wimbo wa kijiji jirani hujibiwa kwa vicheko. Wanaozijua nyimbo hushika nafasi karibu na kinanda. Asiyezijua akae nyuma, upande wa sauti yake, asikilize Jumapili ya kwanza na kuimba ya pili.

Suala la nota lilikuwa gumu zaidi kwangu kuliko suala la baa. Sisi tulifundishwa sol-fa: herufi d, r, m zilizopangwa kwenye mstari, nukta mbili zikitenganisha mapigo, kistari kikirefusha sauti. Kwaya ya mjini niliyojiunga nayo Septemba iliyofuata ilinikabidhi kitabu cha nota za mistari mitano, na kwa wiki za mwanzo niliimba kwa kusikiliza jirani yangu tu. Kilichonishangaza ni kwamba wengi wao hawakujua kabisa sol-fa ni nini, ilhali ilizaliwa kwao. Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeanza mfumo huo, mchungaji John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaubeba hadi Afrika, ambako umebaki na nguvu kuliko huko ulikotoka. Mwalimu wetu wa kwaya, mama mwenye umri mkubwa, aliujua kutoka shuleni kwake utotoni. Alipoona nimeandika herufi kwa penseli chini ya kila nota alicheka kwa furaha, akanifundisha kanuni ambayo natamani kila mwanakwaya anayesafiri angeondoka nayo. Tazama alama zilizo mwanzoni mwa mstari: kama ni shapu (♯), ile ya mwisho upande wa kulia ndiyo ti, kama ni flati (♭), ile ya mwisho ndiyo fa. Ukishajua ti au fa ilipo, do huipati kwa shida, na mistari iliyobaki inakuwa sol-fa iliyovaa nguo nyingine. Kiitikio cha Haleluya ambacho kwaya nyingi za kwetu hukiimba kina shapu mbili, ya mwisho iko kwenye C, basi do ni D. Niliandika herufi kwa penseli hadi katikati ya Novemba, kisha mkono ukaacha wenyewe.

Na kiitikio hicho ndicho kilichonifungulia mlango mwingine. Kimo ndani ya Messiah ya Handel, kazi ndefu ya kwaya na okestra. Messiah iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, na ni sehemu moja tu kati ya tatu inayohusu kuzaliwa kwa Kristo, lakini Waingereza wameifanya kuwa mali ya Desemba. Katika miji mingi huandaliwa siku za kuimba kwa wote: unalipa ada, mnafanya mazoezi kuanzia asubuhi, jioni mnaimba mbele ya watu na okestra ndogo. Mimi nililipa paundi 15, na kitabu nilikodi kwa paundi chache. Watu wa kwetu wengi hawajui kwamba wanaweza kuingia huko bila mtihani wa sauti, na wanaimba nusu ya kazi hiyo kwa kichwa tangu ujana wao. Kiitikio kinapoanza hadhira yote husimama, desturi ya tangu zamani, na usishangae ukiwa jukwaani ukaona mamia ya watu wananyanyuka kwa pamoja kama waliotajwa majina.

Gharama nyingine nizitaje wazi. Ada ya mwaka ya kwaya ya mjini ilizidi paundi 100, ingawa walikuwa na punguzo la wenye kipato kidogo ambalo hulipati mpaka uliombe, na kuliomba si aibu. Nguo nyeusi za tamasha nilizipata katika maduka ya hisani yanayouza mitumba, kwa bei isiyofika robo ya dukani. Folda nyeusi, penseli, na taa ndogo ya kubana kwenye folda kwa ajili ya kuimba nje usiku vilinigharimu kidogo lakini bila taa ile nisingeona hata kichwa cha wimbo. Kwa upande mwingine, ibada za nyimbo za Majilio na Krismasi makanisani ni bure, na kikapu cha sadaka hupita mwishoni. Muundo wake wa masomo tisa na nyimbo ulianza Truro mwaka 1880, na ule wa chuo cha King's, Cambridge, ulianza mwaka 1918 na kutangazwa redioni tangu 1928. Anayekuwa zamu mchana wa tarehe 24, kama mimi miaka mingi, aiweke redio saa tisa alasiri. Wazee ninaowatunza hawaruhusu chai imiminwe kikombeni sauti ya kwanza ya mtoto inapoanza.

Baridi na sauti ni habari inayohitaji uangalifu. Kuimba nje na bendi ya matarumbeta kunapendeza kwa mtazamaji kuliko kwa koo. Hewa ya baridi iingie kwa pua, si kwa mdomo, na skafu ifunike shingo hadi dakika ya mwisho. Usivae koti zito ndani ya ukumbi ukitoka jasho, kisha ukatoka hivyo hivyo kwenye barafu. Mafua yaliyoninyima tamasha la kwanza naamini yalianzia hapo, ingawa daktari hakukubaliana nami. Ndani ya nyumba mitambo ya joto hukausha hewa, kwa hiyo chupa ya maji kando ya kitanda ina faida kuliko peremende za koo. Fahamu pia kwamba matarumbeta hushuka sauti yanapopoa, na waimbaji wakifuata bendi bila kujua nao hushuka, kisha kinanda kikiingia kila mtu anamtazama mwenzake. Bendi zenye uzoefu hupuliza hewa ya moto ndani ya vyombo kati ya wimbo na wimbo. Glavu zilizokatwa vidole ndizo zinazofaa kufungulia kurasa.

Kazini kwetu tulianza kuimba na wazee Jumatano jioni kuanzia mwanzo wa Majilio. Nilikuwa na mashaka, kwa kuwa baadhi yao wamepoteza kumbukumbu kiasi cha kutowatambua watoto wao. Bibi mmoja ambaye kwa siku nyingi alikuwa hajaunganisha maneno matatu aliimba beti zote za wimbo wa kwanza, na alipoimba hakuimba tuni. Aliimba sauti ya pili, kwa usahihi, mwanzo hadi mwisho. Binti yake alipofika tukamweleza, akasema mama yake aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu alipokuwa msichana. Kwa wanaofanya kazi kama yangu nashauri nyimbo ziteuliwe kutoka zile za miaka ya shule ya wazee wenyewe, ziimbwe polepole kwa ufunguo wa chini, na zisizidi nusu saa, maana furaha nayo huwachosha.

Sisi Waafrika Mashariki wa Sheffield na Leeds tuna sherehe yetu tarehe 26, ambayo kwao pia ni sikukuu ya kitaifa na watu wengi wako huru. Ukumbi huwekwa nafasi Septemba. Anayesubiri Desemba atapata sebule ya mtu. Ngoma zinyamaze saa tano usiku, kwa sababu kuanzia saa hiyo hadi saa moja asubuhi halmashauri ina mamlaka ya kuchukua hatua kuhusu kelele, na jirani aliyealikwa kula pilau mapema halalamiki. Mwaka mmoja tulitaka kuimba mitaani na kuchangisha fedha kwa ajili ya kituo cha watoto. Kumbe kuchangisha barabarani au nyumba kwa nyumba kunahitaji kibali cha halmashauri, na eneo la maduka lina mwenyewe wa kuombwa ruhusa peke yake. Barua tatu zilitosha, lakini ziliandikwa Oktoba. Kuimba bila kuchangisha ni jambo jepesi zaidi, ila msibishe hodi kwa mzee anayeishi peke yake usiku bila yeye kujua mnakuja.

Nilipojua kwamba Wamoravian walijenga makazi yao Fulneck, karibu na Leeds, tangu karne ya 18, nilikwenda nikihisi naenda kwa ndugu wa baba. Ni kanisa lile lile lililofika Rungwe mwaka 1891. Desturi yao ya kuwapa watoto mshumaa wakati wa Krismasi ilianza Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747, na leo imeenea katika makanisa mengi ya Uingereza, ambako mshumaa huchomekwa kwenye chungwa: chungwa ndilo dunia, utepe mwekundu ndio damu ya Kristo, mshumaa ndio nuru, na vijiti vinne vyenye peremende ni matunda ya ardhi. Mwenye watoto wenye nywele ndefu azifunge kabla ya mishumaa kuwashwa. Watoto wa rafiki zangu wa Kiislamu hualikwa shuleni kutengeneza machungwa hayo, na mzazi anayependelea mwanawe asishiriki humweleza mwalimu tu, jambo likaisha bila mvutano.

Januari ina upweke wake. Tarehe 6 mapambo yameshushwa, miti imetupwa nje, na kwaya nyingi ziko likizo hadi katikati ya mwezi. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kwaya zinazorudi hutafuta sauti za kujaza mapengo, hasa za tenori na besi, na nyingi huruhusu mgeni ahudhurie wiki mbili tatu kabla ya kulipa chochote. Mazoezi huwa jioni moja kwa wiki, aghalabu kuanzia saa moja na nusu usiku, kwa hiyo anayefanya kazi za zamu aombe jioni hiyo kwa maandishi mapema kabla ratiba haijapangwa. Atakayeingia Januari atakuwa na miezi ya kuzoea mistari mitano kwa nyimbo za Pasaka na za kiangazi, na Septemba kitabu cha Krismasi kitakapogawiwa atakuwa amekaa tayari kwenye kiti chake.